Mama anastaafu Uingereza anataka kurudi Tukuyu, pensheni itamfuata au ndo basi?

Binti_Uyole

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Naomba kuuliza kwa wenye uzoefu maana hapa nyumbani kila mtu ni mtaalamu na kila mtaalamu ana lake.

Mama yangu ni nesi, yuko Leeds Uingereza tangu 2006. Alianza kwenye kea homu, nyumba ya kutunzia wazee, mwaka mmoja afu 2007 akaingia NHS, yaani hospitali za serikali ya kule, mpaka leo. Ana miaka 63, ni wa Julai 1962. Magoti yamechoka, baridi nayo imemchosha, kila nikimpigia swali la kwanza mvua imenyesha huko? la pili migomba ya bibi nani anaipunguzia? Yaani mwili uko Leeds roho iko Tukuyu. Nyumba ilishaezekwa siku nyingi, imebaki dari na vioo vya upande mmoja, anasema mkataba wa pale alipopanga unaisha Machi na hauongezi tena, anarudi.

Sasa kilichonileta. Mjomba anasema ukishahama Uingereza wanafunga bomba, pensheni ni ya wanaoishi kule tu. Mama mmoja wa kanisani anasema hapana inakuja ila kila miezi 6 lazima upande ndege ukaweke kidole. Na kuna jamaa yetu anafanya shughuli zake pale Kasumulu mpakani yeye kasema bila paspoti ya Uingereza asitegemee hata mia, na mama hajabadili uraia, ana paspoti yetu hii hii na kibali cha kudumu. Mwenyewe nikimuuliza ananijibu "zipo karatasi nitasoma" na mimi namjua, karatasi ikizidi kurasa mbili inaingia kwenye droo.

Kuna mtu humu ana mzazi au yeye mwenyewe anapokea pensheni ya nje akiwa huku kwetu Nyanda za Juu? Inaingiaje, inapungua, wanajuaje kama bado upo? NSSF msiniulize, alijitoa 2005 hela yote ikaishia kwenye nauli na ada yangu ya bodingi.

Kijana_Mwanjelwa

Mwambie avute yote aje nayo kwenye begi. Serikali ni serikali tu dada, iwe ya Mfalme Charles iwe ya kwetu, ukistaafu wanakuletea kikokotoo 😂

Mzee_Gangilonga

Marahaba binti. Kamwene wote. Huyo kijana msameheni bado ana miaka mingi ya kukatwa.

Mimi niliendesha mabasi Birmingham, nikarudi Iringa 2017 nilipofikisha 65, ndo ulikuwa umri wa wanaume wakati ule. Siku hizi umefika 66 na unaendelea kupanda, mama yako kwa kuwa kazaliwa baada ya Machi 1961 wa kwake ni 67, yaani Julai 2029. Hiyo tarehe iandikeni ukutani maana hesabu zote zinaanzia hapo.

Mjomba kakosea na huyo wa mpakani naye kakosea. Pensheni ile haiangalii uraia wala rangi ya paspoti, inaangalia miaka uliyokatwa michango, ile wanaita National Insurance. Ukiwa na miaka 10 unapata kitu, ukiwa na 35 kwa kawaida unapata yote, hapo katikati unapata kwa fungu lako. Yote kwa mwaka wao wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Mama tuseme ana miaka 19, gawanya kwa 35 zidisha 19, kwa makadirio tu inakuja karibu pauni 125 kwa wiki. Kibali chake cha kudumu kitakufa akikaa nje miaka 2 mfululizo, sawa, lakini pensheni haifi nacho, ni vitu viwili tofauti. Na hiyo ya kupanda ndege kwenda kuweka kidole sijui mama wa kanisani kaitoa wapi, labda kachanganya na visa.

Sasa nikupe ile ambayo hakuna aliyekwambia na ndo inauma. INAGANDA. Kule pensheni inapanda kila Aprili. Ukiwa Uingereza unapanda nayo, ukiwa Marekani unapanda nayo, Jamaica, nchi za Ulaya, hata Mauritius hapa Afrika unapanda nayo sababu wana makubaliano. Tanzania hakuna makubaliano. Kiwango ulichoanza nacho ndo hicho hicho utazikwa nacho, kimeganda kama maji ya ndoo uliyoacha nje Makete mwezi wa saba. Mwaka niliorudi mimi pensheni kamili ilikuwa pauni 159.55 kwa wiki. Mwaka 2025/26 wenzetu kule walikuwa 230.25, mtu aliyerudi huku mwaka ule bado yuko kwenye 159.55. Tofauti pauni 70.70 kwa wiki, piga wiki 52 unapata pauni 3,676, kwa shilingi yetu hiyo ni zaidi ya milioni 11 kwa mwaka, mtu unaezeka nyumba. Mimi sikuwa na miaka yote 35 kwa iyo pengo langu ni dogo kidogo ila picha ndo hiyo. Nina rafiki yangu tuliendesha naye zamu moja miaka na miaka, tukaanza kupokea mwaka mmoja, yeye kabaki kule. Ikifika Aprili akinipigia simu namwambia mapema, leo tuongee mpira.

Na si sisi tu. Kenya hivyo hivyo, Afrika Kusini hivyo hivyo, hata Kanada na Australia ambao ni damu yao kabisa. Kuna wazee walifika mpaka mahakama ya haki za binadamu Strasbourg, mwaka 2010 wakashindwa. Kwa iyo asije mtu akakuchangisha hela ya wakili.

Ila la kumtuliza mama lipo. Barafu inaanza siku anaanza kulipwa, siyo siku anapanda ndege. Akirudi Machi akakaa zake Tukuyu mpaka 2029, ataanza kwa kiwango cha 2029, ndo kinagandia hapo. Asije akadanganywa kwamba akiwahi kurudi anagandishwa mapema.

Kabwe_Stendi

Mbona rahisi hiyo, aache anwani ya rafiki yake hapo Leeds, akaunti ibaki kule kule, asiseme kama kahama, inapanda kila mwaka kama kawa. Watu wanafanya

Nesi_wa_Ludewa

@Kabwe_Stendi watu wanafanya na watu wanadakwa. Ukihama unatakiwa useme, ni sheria, wakija kugundua wanakudai kila senti uliyozidishiwa na kesi inaweza kufuata. Nesi aliyefanya kazi miaka 19 bila doa umtafutie doa uzeeni kwa ajili ya nyongeza ya Aprili? Acha.

Binti_Uyole mdogo wangu, mimi niko Manchester, nesi pia, nyumbani Ludewa. Mzee kasema vizuri sana ila kaongelea pensheni moja. Mama yako anazo MBILI na hiyo ya pili ndo tamu.

Kila nesi wa NHS, asipojitoa mwenyewe, anakatwa pia mfuko wa NHS. Angalia slipu ya mshahara wa mama, kuna mstari wa kodi, mstari wa National Insurance, na mstari wa tatu ndo huo, wengi tunauchukia miaka yote mpaka siku ya kustaafu. Huu hauna uhusiano na ile ya serikali anayosema mzee, ni mafao ya kazini. Na HAUGANDI. Unapanda kila Aprili kwa mfumuko wa bei ukae Leeds, ukae Tukuyu, ukae Ludewa kwetu kule hata mtandao wenyewe unapanda mlima kuutafuta.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kama kweli aliingia 2007, yaani kabla ya Aprili 2008, basi alianzia kwenye mpango wa zamani, wanauita wa 1995. Umri wa huo ni 60. Yaani mama kashaupita miaka mitatu! Kile kipande cha zamani anaweza kukiomba saivi bila kupunguziwa, na kinakuja na mkupuo, hela ya mara moja, ambayo ni mara 3 ya pensheni ya mwaka ya kipande hicho. Kipande cha mpango mpya wa 2015 ndo kinafuata umri wa serikali, kwake 67, akikitaka mapema wanakikata. Ile miaka ya 2015 mpaka 2022 ina mambo yake, kulikuwa na kesi mahakamani, atapewa achague ihesabiwe kwa mpango wa zamani au mpya, barua ya hilo asiiweke kwenye droo hata kama ina kurasa kumi. Akae na mtu wa pensheni wa hospitali yake kabla hajaaga, siyo baada. Nimeona mtu kashafika Dar ndo anaanza kutafuta namba za simu, saa zao saa zetu, unasubiri kwenye laini dakika 40 muziki unapigwa tu na vocha inaisha.

Kingine, miaka yake 19 si lazima ibaki 19. Akiwa huko Tukuyu anaruhusiwa kuomba kuendelea kulipa michango ya hiari mpaka afikishe umri. Kwa bei ya 2025/26 ile ya daraja la 3 ilikuwa pauni 17.75 kwa wiki, mwaka mzima kama 923. Tuseme kalipia miaka 3, hiyo ni kama 2,770. Inamwongezea kama pauni 19 na senti kwa wiki, ni zaidi ya 1,000 kwa mwaka, na ni maisha yake yote. Kabla mwaka wa tatu wa kupokea haujaisha hela imesharudi. Mimi kama ni mama yangu sehemu ya ule mkupuo ningeiweka hapo kabla ya kununua dari.

Binti_Uyole

Dada Nesi nimesoma nikasimama nikakaa tena. Yaani amepita miaka mitatu na hajui?? Nimempigia hapo hapo. Kaenda kwenye droo, kuna bahasha mbili za pensheni hajafungua, moja ya 2023 😭 Kaniambia "nilidhani ni matangazo".

Mzee Gangilonga ndaga fijo, nimemsomea yako neno kwa neno. Ile ya kuganda ilimnyamazisha kidogo afu akasema basi bora kugandia nyumbani.

Sasa niulize, hayo ya kujua kama mtu yupo hai inakuwaje? Nyumba yetu iko pembeni ya mji kuelekea Masoko, barua hazifiki mlangoni, na sisi sanduku la posta hatuna tunatumia la shule.

Mwl_Makambako

Habari za jioni ndugu zangu. Kabla mzee hajajibu naomba nichangie kwa upande wetu maana yangu imegeuka, mimi nilistaafia hapa afu nikaenda kukaa nje.

Nilimaliza ualimu 2019 nikiwa na 60, napokea PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma uliozaliwa 2018 walipounganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mimi niliwahi mkupuo wa nusu, wadogo zangu waliostaafu baada ya Julai 2022 wakakuta asilimia 33, mpaka 2024 ndo wakapandishiwa 40. Haya tuyaache, nikianza hayo nalala na presha.

Mwaka jana nilikaa Lusaka kwa binti yangu kama miezi minane, nikakutwa na uhakiki huko huko. Zamani hapo ungeniona kwenye basi, Lusaka Nakonde, Tunduma, Mbeya, Makambako, nikasimame foleni na kitambulisho mkononi kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Safari hii mjukuu akaniwekea ile programu ya PSSSF Kiganjani kwenye simu, unajipiga sura inakutambua. Nikajipiga, ikakataa. Nikasogea dirishani, ikakataa. Kumbe miwani. Nikavua, sasa yenyewe inaniona ila mimi siioni, sijui inaniambia geuka ama tulia, mjukuu ikabidi asome kwa sauti "babu fumba macho, babu fumbua, babu usicheke". Mama jirani Mzambia anapita zake anakuta mzee anakonyeza simu, akasalimia haraka haraka akaondoka. Lakini ilipita na hela ikaingia kama kawaida kwenye akaunti ya huku, binti alikuwa ananionyesha meseji.

Nilichotaka kusema ni kwamba hiyo ya kuganda mzee usione uko peke yako. Sisi pensheni yetu kupanda ni mpaka itangazwe, ukikaa miaka unaangalia namba ile ile wakati sukari inabadilika.

Kijana_Mwanjelwa

"Babu usicheke" 😂😂😂 mwalimu umeniua

Mzee_Gangilonga

Mwalimu pole na hongera, ningekuwa na ya kukonyeza simu mwenzio ningeshukuru. Sisi ni karatasi.

Binti, iko hivi. Takribani kila miaka miwili wanakutumia fomu ya uhai kwa posta. Ni karatasi tu, jina lako, namba yako, unaweka sahihi, na shahidi anaweka yake kwamba kakuona kwa macho yupo mtu. Ukishapewa una wiki 16 iwe imerudi kwao. Wiki 16 zinasikika nyingi. Subiri nikueleze nilivyozimaliza.

Nilikuwa natumia sanduku la shemeji yangu. Barua imetoka kwao, njiani imekula kama wiki sita, imefika Iringa imelala ndani ya sanduku, shemeji kasafiri Dodoma na ufunguo uko kwenye mnyororo mmoja na wa pikipiki yake. Anarudi ananiletea barua na samaki, anafurahi, mimi nahesabu wiki. Zimebaki tano. Nikasema haina shida, shahidi anatakiwa mtu wa heshima, daktari, mwalimu, mchungaji, afisa wa benki, polisi, watu wa aina hiyo, na si lazima awe Mwingereza. Nina mtoto wa dada yangu ni mwalimu hapa Kihesa. Sharti asiwe ndugu, hilo nililijua, lakini jina la ukoo wake ni jingine nikajisemea nani atajua. Kijana mwenyewe mkweli kama nini, pale walipouliza anamfahamu vipi mhusika kaandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, "ni mjomba wangu". Nami sikuisoma tena, nikaifunga, nikatuma.

Ikakataliwa, fomu nyingine ikatumwa, na muda ulishapita, malipo yakasimama. Miezi miwili na nusu. Sikulala njaa, nina shamba, lakini duka la karibu nilikuwa napita upande wa pili wa barabara kwa jinsi daftari lilivyojaa. Fomu ya pili ikasainiwa na paroko, ikaenda, hela ikarudi na ile yote iliyokuwa imezuiwa ikaingia siku moja. Kwa iyo haipotei, inakaa tu inakusubiri ukiwa unateseka.

Tangu hapo nina sanduku langu mwenyewe, ufunguo mmoja ninao mimi mmoja anao mke wangu. Shahidi wangu ni mfamasia wa mtaani, hatuna undugu wala hatuishi nyumba moja, na namwarifu mapema asisafiri. Fomu ikijazwa kila ukurasa naupiga picha kwa simu, narudisha kwa EMS, ile posta ya haraka, kwenda Wolverhampton siyo kwa stempu ya kawaida, na risiti naihifadhi ndani ya Biblia ambako mke wangu hafagii. La sanduku la shule mimi silipendi. Shule ina barua zake, ina mwalimu wa zamu, ina likizo ya Juni na ya Desemba, fomu ikija likizo imeanza utaimba.

Kabwe_Stendi

Afu mkasema wangu ndo ujanja mbaya, mzee na wewe si ulitaka kupitisha ndugu

Mzee_Gangilonga

Umenipata. Na mimi nililipia miezi miwili na nusu.

Nesi_wa_Ludewa

Hahaha mzee nimecheka lakini kwa uchungu.

Binti niongeze ya hela inaingiaje. Ile ya serikali anaombea kupitia International Pension Centre, ofisi yao ya wastaafu walio nje, anaweza kuanza miezi 4 kabla ya kufikisha 67, kwa simu au fomu yao ya IPC BR1. Hawamtumii wenyewe hela akikaa kimya, lazima aombe, hili watu wengi linawapita. Anachagua alipwe kila wiki 4 au kila wiki 13. Angalia, wiki 4 siyo mwezi, kwa mwaka inaingia mara 13 kwa iyo tarehe inatembea, asije akaahidi fundi tarehe 30 kila mwezi. Na anachagua iingie benki ya Uingereza au benki ya huku, ikija huku inafika kwa shilingi kwa bei ya siku hiyo, pauni ikishuka naye anashuka.

Kwenye benki kuwa makini. Mimi mama yangu mdogo alirudi Njombe akaacha akaunti yake kule akiamini ipo tu, benki ikagundua hana tena anwani ya Uingereza ikampa notisi ya kufunga. Akahangaika. Mama aulize benki yake waziwazi kama wanamruhusu kubaki na akaunti akihamia Tanzania, asipopewa jibu la kueleweka afungue ya huku mapema, na majina yafanane na ya paspoti herufi kwa herufi. Kama kule anatumia jina la ndoa na huku kitambulisho cha NIDA kina jina la baba basi aanze kulishughulikia leo.

Ambavyo HAVIMFUATI: ile nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo haimfuati. Hela ya kupasha nyumba joto haimfuati, hata kama Tukuyu mwezi wa saba tunalala na blanketi mbili na soksi. Na matibabu ya bure ya NHS hayamfuati, hilo ndo kubwa kuliko yote. Akirudi kusalimia hatibiwi kama zamani. Kwa iyo magoti yake, kama kuna operesheni ameandikiwa yuko kwenye foleni, nasema kama nesi, afikirie sana kabla ya Machi. Bima ya afya ya huku aianze akiwa bado mzima, tena asome inalipia nini kwa umri wake.

Na ile nyongeza ya kila Aprili, akija kutembea Uingereza akiwa tayari mpokeaji, kwa muda atakaokuwa kule anaweza kulipwa kiwango cha sasa, akiondoka kinarudi kwenye kilichoganda. Siyo sababu ya kukata tiketi lakini akija kuona wajukuu asisahau kuwaambia.

Mwl_Makambako

Hapo kwenye magoti nakuunga mkono dada. Hela unaweza kuisubiri, goti halisubiri na Tukuyu yote ni mlima.

Binti_Uyole

Narudi na mrejesho maana mmenisaidia kuliko ukoo mzima.

Mama kaongea na mtu wa pensheni wa pale kazini kwao. Ni kweli, yupo kwenye ule wa 1995 kwa miaka ya mwanzo, wamempa na makadirio ya mkupuo, kiasi sitaki kuandika humu mjomba anasoma 😂 Mwanzoni alitaka uende wote kwenye nyumba. Nikamsomea mahesabu ya dada Nesi ya kulipia miaka, akaniambia rudia, nikarudia, akachukua kalamu. Yeye ni mtu wa dozi, akishaandika mwenyewe anaelewa. Kasema atalipia miaka mitatu, na dari isubiri, tutaweka ya turubai kama bibi alivyoishi.

Ila Machi imesogea. Goti la kulia kweli yuko kwenye foleni ya operesheni, alikuwa anaificha tusimwambie asirudi. Anafanya kwanza, mazoezi ya mguu, afu ndo anakuja, labda mwezi wa tisa. Kalia kidogo. Kasema ndizi za mwaka huu tena nile mimi kwa niaba yake.

Kuhusu shahidi, tuna daktari anakaa njia ya kwenda kwetu, siyo ndugu, nimejaribu kuchimba mpaka kwa mababu maana Wanyakyusa ukichimba sana kila mtu ni ndugu, nimeishia kwamba bibi zao waliimba kwaya moja. Hiyo si undugu, au?

Kesho naenda posta Tukuyu kuulizia sanduku.

Nesi_wa_Ludewa

Kwaya siyo undugu mdogo wangu, nenda.

Mzee_Gangilonga

Omba funguo mbili.